Ukurasa Uliomo Dirishani: Majina ya Marika, Kumbukumbu na Wajibu wa Anayegeuza

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika umezoea kuuona usahaulifu kuwa ndio adui mkuu wa kumbukumbu. Tangu Amadou Hampâté Bâ akifananishe, mbele ya UNESCO mwaka 1960, kifo cha mzee na kuungua kwa maktaba, watafiti wengi wamefanya kazi yao kwa hofu ya moto huo. Wamekwenda vijijini na vinasa sauti ili kuokoa kinachoweza kuokolewa. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, imetufanya tusiione hatari nyingine isiyotokana na moto. Kumbukumbu yaweza kuwapo yote, ikatunzwa vizuri, ikasomwa neno kwa neno, na bado ikampotosha msomaji, kwa sababu ukurasa uliosomwa sio uliokusudiwa.

Makala haya yanauliza swali la kimaadili linalotokana na hatari hiyo. Je, anayejibu kwa usahihi kutoka katika ukurasa usiokusudiwa amesema kweli? Na ikiwa hakusema kweli, lawama ni ya nani: ya msemaji, ya msikilizaji, au ya yule aliyeugeuza ukurasa bila kutoa habari?

Ili kulijibu swali hili tutachunguza mambo mawili sambamba. La kwanza ni mfumo wa majina ya marika miongoni mwa Wabukusu, kama unavyofahamika Kabuchai na kwingineko katika Bungoma na Trans Nzoia. La pili ni mbinu ya kugeuza kurasa za kumbukumbu katika kompyuta za nyumbani za biti nane, na kazi ya kusaka hitilafu za mbinu hiyo katika lugha ya asembli. Hatudai kwamba mambo haya mawili yana asili moja, wala kwamba wazee wa Kabuchai walitangulia kubuni kompyuta. Madai ya namna hiyo huwadhalilisha wazee huku yakijifanya kuwatukuza. Tunachodai ni kwamba mifumo yote miwili imelazimika kulitatua tatizo moja, yaani majina machache kwa mambo mengi, na kwamba mashine, kwa kuwa haina aibu wala heshima ya kulifunika kosa, inalionyesha tatizo hilo likiwa uchi.

2. Majina manane

Kwa Wabukusu, tohara ya vijana hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kila anayetahiriwa huingia katika rika, na majina ya marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika moja hupokea watahiriwa kwa muda wa miaka kumi au zaidi, kisha jina linalofuata hushika zamu. Baada ya Sawa, Kolongolo hurudi. Mzunguko mzima huchukua takriban karne moja. Kwa hiyo waliotahiriwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walikuwa Kolongolo, na waliotahiriwa kuanzia mwaka 2000 ni Kolongolo vilevile. Waliotahiriwa katika miaka ya 1960 ni Maina, na Maina wengine walikuwapo karne moja kabla yao.

Jina la rika si pambo. Linaamua nani ni mwenzako wa kutaniana, nani umwonee haya, nani akalie kiti gani barazani, na nani aseme kwanza mzee anapozikwa. Isitoshe, ndilo kalenda. Msimulizi hana haja ya kutaja mwaka. Atasema jambo fulani lilitokea walipotahiriwa Kinyikeu, na wasikilizaji wake wataelewa. Günter Wagner, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930, aliuzingatia mfumo huu, na Gideon Were naye akautegemea alipokusanya masimulizi ya historia ya Abaluyia, kazi iliyochapishwa mwaka 1967.

Mwanafunzi wa isimu atauliza: jina la namna hii ni nomino ya aina gani? Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1970, alieleza kwamba jina la pekee hufungwa kwa mwenyewe siku ya kupewa, kisha hupokezwa kutoka mtu hadi mtu kama mnyororo, hivyo kwamba hata asiyejua lolote kumhusu mwenyewe aweza kumtaja. Maelezo haya yanamfaa mtu mmoja mmoja. Hayalitoshi jina la Maina, kwa kuwa Maina hupewa watu upya kila mzunguko, na minyororo yote inatoa sauti ile ile. Kwa upande mwingine, Maina si neno kama “leo” au “sisi”, yale maneno ambayo Roman Jakobson mwaka 1957 aliyaeleza kuwa maana yake huhama kulingana na anayeyatumia. Anayesema “leo” anajua kwamba neno lake litakufa jioni. Anayesema “Maina” anadhani ametaja jambo la kudumu. Kwa hiyo jina la rika lina sura ya nomino ya pekee na tabia ya kielezi cha wakati, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Majina ya watu binafsi pia yana mwelekeo huu. Wafula huzaliwa wakati wa mvua, Wekesa wakati wa mavuno, Simiyu wakati wa kiangazi, na Wanjala wakati wa njaa. Mvua hurudi, na njaa hurudi. Aidha, mtoto hupewa jina la mhenga ili jina lisipotee. Boma moja laweza kuwa na akina Wafula watatu katika vizazi vitano, na kila mmoja ana shamba lake, madeni yake na kaburi lake.

3. Dirisha moja, kurasa nane

Sasa tuielekee mashine. Prosesa ya Z80, iliyotolewa na kampuni ya Zilog mwaka 1976, hushughulika na data ya biti nane kwa wakati mmoja, lakini anwani zake zina biti 16. Maana yake ni kwamba inaweza kutaja mahali 65,536 tu. Hata ukiiwekea kumbukumbu zaidi ya hiyo, haina jina la kuiita. Ni kama lugha iliyoishiwa na maneno wakati vitu vingali vinaongezeka.

Kompyuta ya Sinclair iitwayo ZX Spectrum 128, iliyouzwa Hispania mwaka 1985 na Uingereza mwaka 1986, ilikuwa na kumbukumbu ya kuandikika ya kilobaiti 128, yaani maradufu ya kile ambacho prosesa yake ingeweza kukitaja. Wahandisi hawakuongeza majina, waliyazungusha. Kumbukumbu iligawanywa katika kurasa nane za kilobaiti 16 kila moja, zikapewa nambari 0 hadi 7. Anwani kuanzia 49152 hadi 65535 zikafanywa dirisha. Ukurasa wowote kati ya hizo nane unaweza kuletwa dirishani, na ukishaletwa unaitikia anwani zile zile ambazo ukurasa uliotangulia ulikuwa ukiziitikia. Chini ya dirisha, kurasa za 5 na 2 zimewekwa mahali pasipogeuzwa kamwe.

Kubadilisha ukurasa ni kazi ndogo: unaandika nambari moja katika lango lenye anwani 32765. Biti tatu za kwanza za nambari hiyo huchagua ukurasa, na biti tatu zinatosha kabisa kwa majina manane. Lakini lango hili lina sifa moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Ni lango la kuandikia tu. Halisomeki. Programu inaweza kuiamuru mashine ilete ukurasa wa 3, lakini haiwezi kuiuliza mashine ni ukurasa gani uliopo sasa. Ukitazama dirishani utaona baiti, na baiti hazina alama ya kusema zimetoka ukurasa upi. Kila ukurasa, ukiwa dirishani, hujionyesha kana kwamba ndio pekee uliopata kuwapo.

Kwa sababu hiyo watengenezaji walitenga baiti moja, katika anwani 23388, iliyo nje ya dirisha, ili programu iandike humo nambari yoyote inayopelekwa langoni. Baiti hiyo haina nguvu yoyote juu ya kurasa. Ni daftari tu. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa neno “kumbukumbu” tunalitumia kwa yale yaliyomo akilini, kwa hifadhi ya mashine, na pia kwa maandishi ya katibu wa mkutano. Baiti ya 23388 ni kumbukumbu kwa maana hii ya tatu: haikumbuki yaliyotendeka, inakumbuka ni nani aliyekuwa na zamu.

4. Hitilafu na namna inavyojificha

Mwandishi wa programu katika lugha ya asembli, anayeamrisha prosesa hatua kwa hatua bila mpatanishi, hukutana na hitilafu za aina tatu katika ugeuzaji wa kurasa. Tuzieleze, kwa kuwa kila moja ina mwenzake katika mazungumzo ya wanadamu.

Ya kwanza ni ya kuweka msingi dirishani. Prosesa inapoitwa kutenda kazi ndogo kando, huhifadhi anwani ya kurudia katika rundo. Rundo hilo likiwa ndani ya dirisha, na ukurasa ukageuzwa, prosesa ikimaliza kazi itachukua anwani ya kurudia kutoka katika ukurasa mgeni. Itapata nambari, kwa kuwa kila mahali pana nambari fulani, na itaifuata hadi popote inakoelekeza. Haipotei kwa kukosa njia, bali kwa kuoneshwa njia isiyo yake.

Ya pili ni ya mgeuzaji kukaa ndani ya kile anachokigeuza. Amri za kugeuza zikiwa zimeandikwa katika ukurasa uliomo dirishani, basi mara tu ukurasa unapogeuka, amri inayofuata si ile iliyoandikwa na mwandishi, bali chochote kilichopo mahali hapo hapo katika ukurasa mpya.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hutokea mara chache na haiachi nyayo. Katika mashine hii, kazi inayoendelea hukatizwa mara 50 hivi kwa sekunde ili mambo mengine yahudumiwe, kwa mfano kusoma vitufe. Tuseme mwandishi ameongeza katika huduma hiyo utaratibu wake mwenyewe, labda wa kupiga muziki, unaohitaji ukurasa mwingine. Utaratibu huo utauleta ukurasa wake, utafanya kazi, kisha utasoma daftari la 23388 ili urudishe ukurasa uliokuwapo. Sasa tuseme programu kuu imegeuza ukurasa kwanza, ikakusudia kuandika daftarini baadaye, na ukatizaji ukaangukia katikati ya vitendo hivyo viwili. Mhudumu atasoma daftari, atakuta nambari ya zamani, ataurudisha ukurasa wa zamani kwa uaminifu wote. Kisha programu kuu itaendelea, itaandika daftarini nambari mpya, na tangu hapo daftari litasema jambo moja huku dirisha likionyesha jingine.

Tuangalie kwa makini ni nani aliyekosea. Mhudumu alifuata daftari. Daftari lilihifadhi ilichopewa. Kila baiti iliyosomwa ilisomwa sawasawa. Mwandishi akiichunguza programu kwa kuipitisha amri moja moja, polepole, haitakosea hata mara moja, kwa kuwa ukatizaji hautaangukia tena katika ufa ule. Hitilafu itaonekana mbali na chanzo chake, labda baada ya dakika kadhaa, pale data iliyosomwa kutoka ukurasa usio wake itakapotumiwa kwa jambo lenye uzito.

Dawa yake inajulikana. Andika daftarini kwanza, kisha geuza. Ukatizaji ukiangukia katikati, mhudumu atarudisha ukurasa mpya mapema kidogo, nayo programu itauita tena ule ule, pasiwe na madhara. Na kwa usalama zaidi, zuia ukatizaji mpaka vitendo vyote viwili vimekamilika. Amri ni zile zile, nambari ni zile zile; kinachotofautisha programu salama na programu yenye maradhi ni mpangilio tu. Anayesema kabla ya kutenda yuko salama. Anayetenda akikusudia kusema baadaye ameacha ufa.

5. Maina wa nani?

Turudi Kabuchai. Tuchukue mzee anayerekodiwa katikati ya miaka ya 1960, wakati ambapo utafiti wa historia simulizi ulikuwa ukishika kasi nchini. Anasimulia vita na Wateso na kuhamia kwa ukoo wake katika ardhi fulani, na anasema kwamba waliopigana na kujenga ngome walikuwa Maina. Nje ya nyumba anamozungumza wanapita vijana waliotahiriwa majuzi, nao ni Maina. Mzee hana haja ya kufafanua. Hakuna mtu mwenye akili timamu kijijini angedhani kwamba vijana hao ndio waliojenga ngome. Kila msikilizaji analo daftari lake akilini.

Lakini kinasa sauti hakina daftari. Utepe unahifadhi neno “Maina” na kuliacha daftari nyuma, katika nyuso za waliokuwapo. Baada ya miaka sitini mtafiti anaufungua utepe ule. Maina wa miaka ya 1960 sasa ndio wazee. Ndio wanaotaja mipaka ya mashamba na kuitwa kutoa ushahidi. Kwa mtafiti huyo, “ardhi iliyochukuliwa na Maina” yaweza kumaanisha karne ya 19, au yaweza kumaanisha mashamba ya Trans Nzoia yaliyogawanywa katika miradi ya makazi baada ya uhuru wa mwaka 1963. Zote mbili ni habari za kuaminika. Zote mbili zina mashahidi. Moja tu ndiyo iliyosemwa na mzee.

Hili si fumbo la darasani. Tume ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya Morris Carter ilisikiliza madai ya wenyeji kuhusu nani alikuwa wapi na tangu lini, katika nchi ambayo walowezi walikuwa wamekwisha kuimega kuzunguka Kitale. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwaka 1991 na kufika Bungoma na Trans Nzoia yalichochewa, pamoja na siasa za wakati huo, na masimulizi ya nani alitangulia na nani ni mgeni. Katika mazingira hayo, kulisoma jina la rika katika ukurasa usio wake ni kuusogeza mpaka kwa miaka mia. Na anayeusogeza aweza kuwa mtu mwaminifu anayerudia neno la babu yake bila kulipunguza wala kuliongeza.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza kwamba masimulizi ya kihistoria huwa na pengo linaloelea kati ya habari za asili na habari za karibuni, na kwamba pengo hilo husogea mbele kadiri vizazi vinavyopita. David Henige, mwaka 1974, alikuwa amekwisha kuonya juu ya kukunjwa kwa vizazi katika kronolojia simulizi. Kwa Wabukusu tatizo lina sura yake maalumu: si kwamba katikati pana pengo, bali kwamba kingo mbili za pengo zina jina moja. Pengo lenye kingo za jina moja halionekani kuwa pengo. Mtu hulivuka bila kujua.

Jamii yenyewe imekuwa na dawa zake. Ndani ya rika kubwa, watahiriwa wa mwaka mmoja hutambulishwa kwa tukio la mwaka wao, na tukio halizunguki. Orodha ya nasaba humtaja mtu pamoja na baba na babu yake, ili Wafula mmoja asichukuliwe kuwa mwingine. Vita vya Lumboka na Chetambe vya mwaka 1895, ambapo Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza, vimekuwa kigingi katika masimulizi: msemaji akikitaja, msikilizaji anajua ni mzunguko upi. Hizi ndizo kurasa za 5 na 2 za historia hii, yaani mahali pasipogeuzwa ambapo daftari laweza kuwekwa.

6. Mashine isipofanana na mtu

Hapana budi tukabili pingamizi. Ukurasa wa kompyuta, ukitolewa dirishani, hubaki ulivyo. Ukiurudisha baada ya saa moja utaukuta na kila kitu ulichoacha, mradi umeme haujakatika. Rika halirudi hivyo. Mwaka 2000 jina la Kolongolo liliporudi Kabuchai, halikurudi na Kolongolo wa mwanzo wa karne ya 20. Lilirudi tupu, likajazwa vijana ambao wengi wao hawakupata kumwona hata mmoja wa majina wenzao. Katika mashine, anwani ni moja na kurasa ni nyingi zilizohifadhiwa. Katika jamii, ukurasa wa zamani hauhifadhiwi popote isipokuwa katika vinywa.

Pingamizi hili ni la kweli, na badala ya kuivunja hoja yetu linaipa uzito. Kosa katika mashine huweza kurekebishwa, kwa sababu ukurasa sahihi bado upo mahali fulani ukingoja kuitwa. Kosa katika kumbukumbu ya jamii huweza kuwa la milele, kwa sababu ukurasa mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani. Maina wa jana akihusishwa na vita vya Maina wa juzi, wale wa juzi hawana mahali pa kusimama wapinge. Wafu hawakatizi mazungumzo.

Kuna pia upande wa lawama. Kijana wa Kolongolo wa leo aweza kujivunia ushujaa wa Kolongolo wa kwanza, na pengine hakuna ubaya. Lakini anayeruhusu utukufu uvuke mzunguko kwa njia ya jina atakuwa na kazi ngumu kuizuia hatia isivuke kwa njia hiyo hiyo. Kama jina linatosha kunipa heshima ya vita nisivyopigana, basi linatosha pia kunidai ng’ombe nisiowaiba. Haki inataka kwamba anwani isidaiwe deni la mkazi aliyehama. Kongowea Mswahili, katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, husafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Safari yake inatukumbusha kwamba kujua jina na mahali ni mwanzo tu wa kumjua mtu. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba aliyeitikia ndiye aliyeitwa.

Upo msimamo mwingine, nao ni wa heshima: kwamba jina linaporudi, watu nao hurudi kwa namna fulani, kwamba mtoto aliyepewa jina la babu ni babu. Hatukusudii kuubeza. Hata katika mashine yetu kuna kitu kinachoukaribia: ukurasa wa 5 una mahali pake pa kudumu, na vilevile unaweza kuletwa dirishani, na hapo unakuwa kitu kimoja chenye anwani mbili, kama ile sayari moja ambayo Gottlob Frege, mwaka 1892, alionyesha kwamba watu waliiita nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Lakini anayeamini kwamba babu yumo ndani ya mjukuu hachanganyi nyakati. Kinyume chake, anamsalimu mtoto kwa kuikumbuka tofauti. Angekuwa amesahau kwamba babu alikufa, salamu yake isingekuwa na maana. Imani ya kurudi inahitaji daftari zaidi kuliko imani ya kutorudi.

7. Wajibu wa anayegeuza

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Anayejibu kwa usahihi kutoka katika ukurasa usiokusudiwa hakusema uongo, kwa kuwa uongo unahitaji nia. Lakini hakusema kweli pia, kwa kuwa ukweli wa usemi haukai katika maneno peke yake. Unakaa katika maneno pamoja na zamu yake. Lawama isipelekwe kwa msomaji wa ukurasa, ambaye kama yule mhudumu wa ukatizaji alifuata daftari alilokabidhiwa. Lawama ni ya aliyegeuza bila kuandika, au aliyekusudia kuandika baadaye.

Na ni nani anayegeuza? Si wakati. Ni rahisi kuusingizia wakati, kwa kuwa haushitakiwi. Anayegeuza ni kila anayelitoa neno katika mazungumzo lilimozaliwa na kulipeleka katika mazungumzo mengine: mtafiti anayeandika kwenye bahasha ya utepe “vita vya Maina” na kuishia hapo, mhariri anayefupisha, mfasiri anayeweka “zamani” badala ya jina la rika, mwanasiasa jukwaani, na sisi wahakiki tunaponukuu. Kila mmoja wetu analo lango la kuandikia ambalo halisomeki. Tukishapeleka, anayetufuata hawezi kuliuliza lango tulipeleka nini.

Kwa hiyo wajibu wa anayegeuza una sehemu tatu. Kwanza, atangaze kabla ya kugeuza. Pili, aweke tangazo lake mahali ambapo ugeuzaji haufiki, yaani alifunge kwa tukio, nasaba au mwaka, na si kwa jina jingine linalozunguka. Tatu, ahakikishe kwamba utulivu unakuwapo wakati wa kugeuza.

Sehemu hizi tatu hazikutoka Uingereza. Katika khuswala kumuse, utendaji wa kihotuba unaofanywa Bukusu baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi, msemaji anayeitwa omuswasi hutembea mbele ya umati na kuipitia historia ya watu, koo na marika, akiichanganya na maonyo kwa walio hai. Si kila mtu anayeruhusiwa kuifanya kazi hiyo; huenda kwa urithi katika koo chache. Hadhira hutarajiwa kutulia mahali ilipo anaponena. Wahakiki wameyaeleza masharti haya kwa njia mbalimbali: kuwa ni heshima kwa marehemu, kuwa ni mwiko, kuwa ni mbinu ya kulinda mamlaka ya wachache. Maelezo hayo yote yaweza kuwa sahihi. Tunaongeza moja tu. Omuswasi ndiye mtu anayegeuza kurasa mbele ya watu, akitoka kwa mhenga kwenda kwa marehemu na kutoka kwa marehemu kwenda kwa wajukuu, na katika kila hatua jina moja laweza kuwa la watatu. Anayezungumza katika hali hiyo akikatizwa katikati ya kugeuza, umati utaondoka na ukurasa mmoja akilini na jina la mwingine mdomoni.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maadili ya kumbukumbu hayaishii katika kutosahau. Yapo maadili ya kujua zamu, nayo ni magumu zaidi, kwa sababu kosa lake halihisiwi kama kosa. Aliyesahau anajua kwamba kuna kitu hakipo. Aliyesoma ukurasa usio wake ameridhika.

Kuna neno la vitendo kwa idara zetu. Tepe na madaftari ya utafiti yaliyokusanywa katika Bungoma na Trans Nzoia tangu miaka ya 1960 yanahamishiwa sasa katika hifadhi za kidijiti, na kuhamisha huku ni kugeuza. Anayenakili utepe leo aghalabu huandika jina la faili, urefu wa sauti na tarehe ya kunakili. Aandike pia, kabla ya kunakili na si baadaye, mwaka wa kurekodiwa, rika la msemaji, rika lililokuwa likitahiriwa wakati huo, na mzunguko unaotajwa kila jina la rika linapotokea. Wazee wanaoweza kusema huyu ni Maina yupi bado wapo Kabuchai, na wengi wao ni Maina wenyewe. Wakiulizwa sasa, watajibu kwa sentensi moja. Mzunguko ukifika tena katika jina lao, hiyo sentensi moja itakuwa imekosa mtu wa kuisema.